Wikendi Yangu Huanguka Jumanne

Kalenda ya Arizona ilipangwa na mtu asiyenipenda. Kuanzia Mei hadi Julai mwanzoni, kabla mvua hazijanyesha, unyevu wa hewa hushuka chini ya asilimia 10, upepo huvuma kutoka kusini-magharibi, majani ya misonobari hukauka hadi yakalia chini ya kiatu, na misitu huanza kuwaka. Ni miezi hiyohiyo shule zimefungwa, mke wangu ana likizo, na kila mkazi wa Tucson anatafuta njia ya kuukimbia mji uliopita nyuzi 40 ili apande mlimani penye hewa. Nami ni miezi hiyohiyo ninaendesha boza la maji kwenye mioto ya msituni. Oktoba ikifika, joto limeshuka, jangwa linapendeza, njia za mlimani ziko wazi, nami niko nyumbani bila kazi hadi Aprili. Nikiwa na hela sina nafasi, nikiwa na nafasi sina hela. Wazee wastaafu wanaotoka majimbo ya theluji na kuja huku kuota jua wana vyote viwili, na ndio wanaonipita kwenye vilima wakiwa na fimbo mbili mbili na magoti ya chuma, wakiniambia nisikate tamaa.

Niseme kwanza kazi yenyewe ni ipi, kwa sababu kule kwetu Makueni imeshavimba. Kijijini wanasimulia kwamba mimi naingia motoni na shoka. Wanaoingia na shoka wapo, lakini si mimi. Wale ni vijana wa vikosi vya hotshot, watu 20 hivi kwa kikosi, shati la njano, suruali ya kijani, na wengi mkononi wana kile kifaa kiitwacho Pulaski, upande mmoja shoka na upande wa pili jembe jembamba. Kimepewa jina la Ed Pulaski, askari wa misitu aliyewaingiza vijana wake kwenye shimo la mgodi wakati wa moto mkubwa wa Idaho mwaka 1910 na kuwaokoa karibu wote. Vijana hawa wanachimba ukanda wa udongo mtupu mbele ya moto ili ukifika ukose cha kula. Ili waruhusiwe tu kuanza kazi, lazima watembee maili tatu na mzigo wa kilo 20 kwa dakika 45, bila kukimbia. Juu yao zinapita ndege. Ile DC-10 kubwa inabeba galoni 9,400 za dawa nyekundu na kuziachia mlimani kwa mpigo mmoja, watu wakipiga picha.

Boza langu lina galoni 2,500, na kwa kawaida mimi huzimwaga barabarani.

Moto ukiwa mkubwa, kambi yake ni mji mzima. Kuna mahema, jiko la lori, bafu za lori, vyoo vya plastiki, wachoraji ramani, na magari ya kila aina yanayoingia na kutoka usiku na mchana kwa barabara ya udongo. Baada ya siku mbili udongo huo umesagika kuwa unga. Gari moja likipita, la nyuma yake halioni kitu, na watu wanaolala kando ya barabara wanaamka na kifua cha mvuta tumbaku. Ndipo naitwa mimi. Nakwenda mwendo wa konokono, nanyunyiza, nageuza, nanyunyiza tena, na nikimaliza upande huu ule mwingine umeshakauka. Siku nikibahatika, natumwa kujaza tangi la vijana walioko mbele. Hiyo ndiyo siku ninayoisimulia nyumbani.

Mama yangu sikumficha. Alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya kujaza maji.

"Hayo maji unayapeleka wapi?"

"Nayamwaga barabarani, mwaitu."

"Barabarani kuna nini?"

"Kuna vumbi."

Akanyamaza kidogo. Muelewe kwamba mama yangu amenunua maji kwa mtungi maisha yake yote. Kwetu boza likipita, watu hutoka na ndoo, na mwenye boza ni mtu wa kuamkiwa na wazee.

"Kwa hiyo unalinywesha vumbi."

"Ni ili lisiwaingie watu machoni."

"Watu gani hao? Walizaliwa wapi, wasiojua vumbi?"

Tangu siku hiyo ameacha kunisifu kwa majirani.

Sehemu kubwa ya kazi hii ni kungoja. Unaamshwa gizani ukahudhurie maelezo ya asubuhi, upepo utavuma hivi, kaeni macho vile, kisha unaambiwa ukangojee mahali. Unangoja. Mchana unafungua mfuko wa karatasi wenye chakula ulichopewa alfajiri: mkate mgumu, nyama baridi yenye jasho, tofaa, na biskuti iliyogeuka unga. Ukiitwa, unarudi kwenye bwawa la turubai lenye fremu ya chuma ambako tunachotea maji. Mdomo wa hosi ya kunyonya lazima ukae katikati, usiguse chini ukavuta matope, wala usichungulie juu. Ukichungulia, pampu inavuta hewa, inakohoa, na jamaa mwenye redio anageuza shingo polepole kukutazama. Anatazama tu, hasemi neno. Ningependelea matusi.

Vijana wa mbele hawanung'uniki, na hilo nalo linaniudhi. Moto ukishashikwa, wao huvua glavu na kupapasa majivu kwa mgongo wa kiganja, kipande kwa kipande, wakitafuta joto lililojificha kwenye mizizi. Ekari kwa ekari, mtu amepiga magoti anapapasa jivu. Nimemwona mmoja akifanya hivyo tangu kifungua kinywa hadi jua linazama, kisha akaja kwenye boza kunawa, nikamwuliza wikendi yake atafanya nini. Akasema atapanda mlima.

Wikendi. Tulizungumzie hili.

Kwa kanuni za kazi, mtu hukaa kwenye moto siku 14, bila kuhesabu za safari, na siku yake ya kazi huweza kufika saa 16. Zikiisha ndipo anapewa siku za kupumzika kwa lazima. Hakuna anayeuliza siku ya 14 ni ipi katika juma. Yangu huwa Jumatatu. Sijui hesabu hiyo inafanywaje, lakini nafika nyumbani Jumatatu usiku nikinuka moshi, nalala, naamka Jumanne, na hiyo ndiyo Jumamosi yangu. Mke wangu yuko kazini, watu wa jumuiya wako kazini, makanisa yamefungwa, na hakuna harusi popote. Natembea sebuleni na kaptura ya mapumziko nikitafuta mtu wa kupumzika naye. Alhamisi napigiwa simu kuna moto New Mexico. Ijumaa jioni, watu wanapoanza kupanga mizigo, mimi niko barabarani na boza, naelekea mashariki kwa mwendo ambao hata malori ya ng'ombe yananipita.

Kuna ndugu yetu mmoja wa Bukavu, mtu wa ghalani, ambaye ndiye kiongozi wa matembezi ya Jumamosi ya Waswahili wa Tucson. Hakuna aliyemchagua. Anaamsha watu kwa simu saa tisa usiku ili wawe wameshashuka mlimani kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu baada ya hapo jua la huku halina utani. Ana kofia pana, ana maji ya kutosha wapagazi, na ana kitana mfukoni ilhali kichwani hana unywele hata mmoja. Kitana ni cha miiba. Kuna mpungate unaoitwa cholla ambao watu wanaapa kwamba unaruka. Haufiki mbali, lakini ukiugusa kidogo tu, kipande kizima kinabaki nawe, na ukikishika kwa mkono wa pili sasa una mikono miwili matatani. Unaingiza kitana katikati ya mwiba na ngozi, unafumba macho, unarusha. Nimemwona akimfanyia hivyo mwalimu wa kwaya aliyekalia kimoja.

Siku moja nilimwuliza, yeye aliyevuka mipaka kwa miguu akiwa mtoto, anapata wapi hamu ya kutembea bila kufukuzwa. Akacheka.

"Zamani nilikuwa natembeaka juu ya vita, sasa natembea juu ya raha. Wewe unaogopa nini? Njoo ku mulima, kaka."

Siogopi kitu. Ninachosema ni kwamba mulima wenyewe umefungwa.

Hapa ndipo penye uchungu. Juni ikikaza, misitu ya taifa huanza kuweka masharti. Kwanza unaambiwa usiwashe moto ila kwenye viwanja vilivyotengenezwa. Kisha unaambiwa usiwashe moto wala mkaa popote, na sigara uvutie ndani ya gari. Kisha, hali ikizidi, wanafunga msitu wote, watu na mbwa wao nje. Juni 2021 misitu kadhaa ya Arizona ilifungwa hivyo kwa wakati mmoja, Coconino ukiwemo. Maana yake ni kwamba ile Jumamosi ya kweli ya kiangazi ambayo kwa muujiza naipata nyumbani, mahali pekee penye kivuli na ubaridi pamefungwa lango, na langoni kuna mtu wa kazi kama yangu aliyevaa sare, anayesema pole. Namjua. Wiki iliyopita alikuwa nyuma yangu kwenye foleni ya maji.

Hata kabla ya kufungwa, nyama imeshaharibika. Sisi Wakenya tunapanda Mount Lemmon kwa sababu mbili, hewa na nyama choma. Kule juu ni karibu mita 2,800 na Tucson iko chini ya 800, kwa hiyo unapanda na shati la mikono mifupi na kufika ukitafuta sweta. Lakini masharti yakishafika hatua ya pili, mkaa hauruhusiwi, na kinachobaki ni jiko la gesi lenye swichi ya kuzimia. Mbuzi kwenye gesi! Unakaa chini ya misonobari unatazama ubavu wa mbuzi ukitokwa jasho juu ya moto wa buluu wa kuchemshia chai. Mzee mmoja wa Machakos alionja, akaweka kipande chini, akauliza hiyo nyama imechomwa au imefarijiwa. Na mimi siwezi hata kubisha, kwa kuwa ndiye ninayejua vizuri kuliko wote pale kwa nini mkaa umekatazwa. Juni 2020 radi ilianzisha moto wa Bighorn kwenye milima hiyohiyo, ukala karibu ekari 120,000, na usiku mji mzima wa Tucson ulikaa nje ukitazama mstari mwekundu ukitambaa mgongoni mwa mlima. Radi ndiyo iliyofanya ule. Mingi haifanywi na radi.

Huduma ya mbuga za taifa ya Marekani inasema karibu asilimia 85 ya mioto ya nyika nchini humu huanzishwa na watu. Nami nimefanya utafiti wangu mdogo, wa mtu mwenye kinyongo na kalenda. Moto wa Wallow, mkubwa kuliko wote katika historia ya Arizona, ekari zaidi ya 538,000, ulitokana na moto wa kambi ulioachwa na binamu wawili waliokwenda kutembea. Ulianza tarehe 29 Mei 2011. Ilikuwa Jumapili, tena ya wikendi ndefu. Moto wa Sawmill, kusini ya Tucson, ekari zipatazo 47,000, uliwashwa na askari wa mpakani aliyekuwa mapumzikoni, kwenye sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto ambaye hajazaliwa. Waliweka baruti yenye poda ya rangi, baba akailenga kwa bunduki, ikalipuka buluu, majani yakashika. Tarehe 23 Aprili 2017, Jumapili. Moto wa Pipeline karibu na Flagstaff, ekari 26,000 hivi, ulianza 12 Juni 2022. Jamaa aliyekuwa amepiga kambi aliwaambia maofisa kwamba siku iliyotangulia alichoma karatasi yake ya chooni na kuisukuma chini ya jiwe. Nimeangalia kalenda, sikuamini, nikaangalia tena. Jumapili.

Mnaona ninakoelekea. Mtu anamaliza haja zake Jumamosi, na mimi nakula mkate wa jasho wiki mbili. Wikendi za watu ndizo ajira yangu. Nikiwatazama Ijumaa jioni wakifunga baiskeli na mitumbwi juu ya magari, najua katikati yao kuna mmoja, labda yule anayekokota trela na mnyororo unaogusa lami ukitoa cheche, ambaye ndiye atakayenilipia kodi ya nyumba ya Julai. Nimchukie au nimshukuru? Mke wangu anasema nimpungie mkono.

Lakini moto ambao huwa sipendi kuuzungumzia mbele ya wakubwa wa kazi ni ule wa Rodeo-Chediski wa mwaka 2002. Huo haukuanza Jumapili. Ulianza Jumanne, tarehe 18 Juni, maana uliwashwa na mtu wa kazi, si wa wikendi. Kijana mmoja aliyekuwa akiajiriwa kwa muda kuzima moto hakuwa na kazi, akauwasha mwenyewe ili aitwe. Siku mbili baadaye, upande mwingine wa milima ileile, mwanamke aliyepotea nyikani aliona helikopta ya watangazaji wa habari ikipita, akawasha moto ili imwone. Ikamwona, akaokolewa. Mioto miwili ikatambaa, ikakutana, ikawa mmoja, ekari zaidi ya 468,000, watu wapatao 30,000 wakahamishwa majumbani. Mmoja alitaka kazi, mwingine alitaka kurudi nyumbani. Kila nikibishana na mke wangu kuhusu kazi na mapumziko, hoja zake na zangu zote zilishawahi kuteketeza nusu ya mlima.

Wapo pia waliokwenda kazini wasirudi. Tarehe 30 Juni 2013, vijana 19 wa kikosi cha Granite Mountain walikufa Yarnell upepo ulipogeuka mbele ya mawingu ya mvua. Hilo halina utani, na kambini kila kiangazi mtu huwataja bila kupandisha sauti. Ndiyo sababu nikiambiwa ningoje, pamoja na kinywa changu chote, nangoja.

Sasa niwape kisa cha nyasi, ambacho ndicho kimenitia aibu ya kitaifa.

Mke wangu aliamua kwamba, kwa vile kiangazi hakinifai, mimi nitapata burudani yangu ya nje miezi ya baridi. Wazo zuri. Februari akaniandikisha kwenye kikundi cha kujitolea kinachopanda vilima Jumamosi asubuhi kung'oa nyasi mbaya. Burudani. Tulipewa mitaimbo na magunia, mama mmoja mwenye shanga akasimama mbele yetu na kuanza kutusomea mashtaka ya mmea. Jangwa hili, akasema, halikuzoea moto. Mimea yake ilikaa mbalimbali, katikati udongo mtupu, moto ukianza unakosa daraja. Saguaro, yale mapungate marefu ya kwenye picha, yanaweza kuchukua miaka 70 kuota mkono wa kwanza, na moto mmoja unatosha kuyaua. Kisha zikaja nyasi za bafeli, zikajaza mapengo yote, zinakauka, zinawaka kwa joto kali, na baada ya moto zinachipua upya kutoka shinani huku kila kitu kingine kimekufa. Ziliingizwa nchini na wataalamu wa serikali kwa ajili ya ng'ombe na kushika udongo. Akainua tita moja juu tulione.

Nikalitazama lile tita. Mikia ile ya manyoya, rangi ile ya zambarau inayogeuka hudhurungi. Mimi nimechunga mbuzi ndani ya nyasi hizo. Nimelala juu yake.

"Asili yake," akasema mama wa shanga, "ni Afrika."

Watu wote wakageuka kunitazama.

Na si Afrika ya mbali. Mbegu ya aina iliyoenezwa sana Marekani tangu miaka ya 1940 ilitoka Turkana, Kenya. Kibali chake cha kuingia kilikuwa rahisi kuliko changu. Nikashika mtaimbo nikang'oa watani wangu hadi saa sita, mgongo ukilia, huku mzee mmoja mwenye goti la chuma akinielekeza namna ya kuzitambua.

Jioni nikamtumia mjomba picha ya magunia. Mjomba wangu kule Makueni amepanda nyasi hizohizo kwenye ekari zake, anazikata, anazifunga marobota, na mbegu zake anaziuza kwa kilo. Wataalamu walikuja wakamfundisha, kwa sababu kwetu zinavumilia ukame na ng'ombe wanazipenda. Akapiga simu papo hapo, mtu ambaye huwa ananibipu.

"Hayo magunia mnayapeleka wapi?"

"Yanatupwa, mjomba."

"Na mbegu zake?"

"Zote."

"Na wewe unalipwa ngapi kuzing'oa?"

"Ni kujitolea."

Nilimsikia akimweleza mtu aliyekuwa kando yake. Kisha kicheko. Kisha simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni heshima.

Februari hiyohiyo mke wangu alifanya jambo la pili. Kaskazini kabisa mwa jimbo, mpakani na Utah, kuna mwamba uitwao The Wave, mawe ya mchanga yenye mistari myekundu na myeupe, yamejikunja yote. Mnauona kwenye kalenda za benki. Huwezi kwenda tu. Wanaruhusiwa watu 64 kwa siku, na wengi wao hupatikana kwa bahati nasibu ya mtandaoni, dola 9 kuomba, ukishindwa hazirudi. Unaomba miezi minne kabla. Ukiomba Februari, unaombea Juni. Na Februari, usiku wa baridi, umejifunika blanketi na kikombe cha chai ya tangawizi, Juni inaonekana mwezi wa kawaida tu.

Tulipata. Watu huomba miaka na wasipate, sisi tukapata mara ya kwanza, Jumamosi ya katikati ya Juni. Ninyi mnaoelewa kalenda yangu mmeshajua. Mahali penyewe hakuna njia iliyochorwa wala kivuli, ni zaidi ya kilomita 9 kwenda na kurudi juu ya mwamba na mchanga, na kufika mahali pa kuanzia kutoka Tucson ni siku nzima ya gari. Nikasema huo si mwezi wa kwenda huko. Nikaambiwa naongea hivyo kwa sababu ninataka kwenda kumwaga maji.

Alhamisi simu ikalia, moto. Ijumaa alfajiri nikapakia. Mke wangu alikuwa jikoni anakunja chapati za safari, chapati ambazo unga wake niliukanda mimi usiku uliotangulia, na ndugu wa Bukavu alikuwa ameshakaa sebuleni akijaribu kofia. Kofia yangu. Nafasi ilikuwepo, akasema, kibali ni cha mama wa nyumba, mtu mmoja amepungua, isipotee bure.

Jumamosi saa tano nilikuwa kambini, mwendo wa konokono, vumbi mbele na vumbi nyuma. Picha zikaanza kuingia kwenye kilima kimoja chenye mtandao. Mke wangu kwenye mwamba mwekundu. Mke wangu kwenye mwamba mweupe. Ndugu wa Bukavu amelala chali katikati ya mistari na kofia yangu usoni. Chapati zimetandazwa juu ya jiwe. Nikawatumia picha ya barabara niliyotoka kumwagilia, imelowa vizuri kutoka kona hadi kona.

Ndugu wa Bukavu akajibu kwanza: "Kaka, hiyo njia ni muzuri. Inapanda wapi?"

Nimefanya hesabu yangu. Oktoba ndio mwezi wa The Wave, hewa nzuri, anga safi, mimi huru. Mwezi wa Agosti siutaki, mvua zikishaanza yale makorongo membamba yanaweza kujaa maji chini ya anga la buluu kwa mvua iliyonyesha mbali. Watalii 11 walikufa hivyo Antelope Canyon mwaka 1997. Oktoba, basi. Nikapanda kile kilima chenye mtandao ili niombe mapema. Maombi ya Oktoba hupokelewa Juni, mwezi mzima wa Juni, na hapo ndipo nilipo, na mtandao wa kilima unatosha kupokea picha za chapati lakini hautoshi kufungua fomu. Nikampigia mke wangu. Akasema nisihangaike, ameshaomba yeye.

Nikamwuliza kama na mimi amenihesabu.

Akasema amehesabu watu wasio na boza.